Nimesoma kijitabu cha historia ya kanisa letu la Malaba, haya ndio maoni yangu

Wapendwa Bwana asifiwe, na wewe ambae hujaokoka karibu pia usome maana hii si habari ya walokole peke yao, ni habari ya mtu yeyote aliyekulia hapa Malaba, mpakani mwa Kenya na Uganda.

Mwezi uliopita baada ya ibada ya kwanza walitangaza kwamba kijitabu cha historia ya kanisa kimetoka, kanisa hili la kipentekoste la upande wa Uganda, lile watu wa reli wanalijua vizuri, na bei ni shilingi 15,000 ama 500 ya Kenya kwa wale wa ng'ambo. Nilinunua mbili, moja yangu moja ya dada yangu alieolewa Soroti. Nimesoma yangu mara mbili, mara ya kwanza usiku mmoja bila kulala, mara ya pili polepole na kalamu mkononi, kwa hiyo haya nasema nimeyafikiria. Nyota ninatoa nne kati ya tano na hiyo moja niliyokata nitaeleza kwa nini, na itachukua muda kueleza kwa sababu inanigusa.

Kwanza kitu chenyewe. Kurasa 64, ganda la mbele lina picha ya kanisa likiwa bado la udongo na nyasi, picha ya rangi nyeusi na nyeupe, na jamani hiyo picha peke yake inafaa hela yako. Watoto wamekaa chini mbele, wengine bila viatu, nyuma kuna mwembe ambao sisi tuliukuta umeshakatwa. Maandishi ni makubwa, wazee wanaweza kusoma bila kuazima miwani. Lugha ni Kiswahili karibu chote, sura ya mwisho tu ndio iko kwa Ateso, na Kiswahili chenyewe ni cha kwetu, cha watu wanaoongea nacho sokoni, si cha mtihani. Shida ni kwamba wamebana na pini mbili tu katikati, ukikifungua kwa nguvu karatasi za katikati zinachomoka, za kwangu zimeshatoka nne nimezirudisha na gundi. Halafu chini ya picha nyingi hawajaandika nani ni nani. Mtu akishakufa na hakuna alieandika jina lake chini ya picha, mjukuu atajuaje?

Sasa ndani.

Sura ya kwanza inaanzia mbali sana, inaanzia Los Angeles Marekani mwaka 1906, mtaa wa Azusa, mhubiri mweusi William Seymour ambae wazazi wake waliwahi kuwa watumwa, watu weupe na weusi wakaomba pamoja wakati nchi yao ilikuwa inawatenganisha kila mahali. Hiyo ni habari nzuri na vijana wetu waijue, lakini kurasa sita kabla hujafika Afrika ni nyingi. Kutoka hapo wanakuja Nyang'ori, magharibi mwa Kenya, ambako Otto na Marian Keller walifanya kazi na mwaka 1924 misheni ile ikaingia chini ya Wapentekoste wa Canada. Kutoka Nyang'ori ndio moto ukasambaa Maragoli na kwingine, ukavuka ukaja upande wetu wa mashariki mwa Uganda, Mbale na kuendelea, miaka ya 1930.

Hapo kuna kitu kilinisimamisha. Keller mwanaume ameandikwa kurasa mbili na picha. Marian ameandikwa mstari mmoja, "na mke wake". Huyo mama alikuja Afrika kabla hajawa mke wa Keller, alikuja na mume wake wa kwanza, akamzika huko Tanganyika wakati bado ni ya Wajerumani, na akaendelea na kazi. Mimi nikasoma huo mstari nikasema sawa, labda ni haraka tu. Lakini nilipoendelea nikaona sio haraka, ndivyo kijitabu chote kinavyotembea.

Sura ya pili ndio ya Malaba na hapa wamefanya kazi nzuri sana, nawapa heshima yao. Wanaeleza jinsi kanisa lilivyoanza kwenye laini, zile nyumba za wafanyakazi wa reli, chumba kimoja cha kijana mmoja wa reli aliyetoka upande wa Maragoli, anafanya kazi zamu ya usiku, asubuhi akitoka zamu badala ya kulala anaimba. Majirani walikwenda kumlalamikia, wawili kati ya hao waliokwenda kulalamika ndio wakawa waumini wa kwanza. Na kwa nini waliimba kwa Kiswahili wakati kila mtu ana lugha yake? Kwa sababu ukuta wa huku ni Mteso, ukuta wa kule ni Mjapadhola, mbele ni Msamia, nyuma ni Mluo, na bosi anatoa amri kwa Kiswahili. Reli ndio ilileta hiyo lugha, treni ilipita hapa miaka ya 1920 kwenda Tororo, moja ikakata kaskazini kwenda Mbale na Soroti nyingine ikaenda Jinja mpaka Kampala mwaka 1931, na kila stesheni iliacha watu wa kabila mbalimbali wanaoelewana kwa Kiswahili tu. Hii sehemu nimeipenda mno. Mimi nimeimba kwa Kiswahili kanisani tangu utoto na sikuwahi kujiuliza kwa nini sio Ateso, sasa nimejua.

Kuna jambo wamelipita kwa sentensi moja na mimi ningelipa kurasa tatu. Wameandika "waumini wa kwanza waliacha pombe". Basi. Mtu wa mbali akisoma atafikiri ni kuacha kunywa tu, kama mtu anavyoacha sukari kwa sababu ya daktari. Kwa Wateso ajon, pombe yetu ya wimbi, sio kinywaji tu, ni chungu katikati na watu wamekaa duara, kila mtu na mrija wake mrefu, maji ya moto yanaongezwa, na hapo ndio mahari inazungumzwa, ugomvi wa mpaka wa shamba unamalizwa, msiba unapangwa, jina la mtoto linatolewa. Babu yangu alipookoka aliupeleka mrija wake kwa kaka yake mkubwa akasema huu sitautumia tena. Kaka yake hakuongea nae karibu miaka miwili, na sio kwa sababu ya dini, ni kwa sababu mtu anaekataa kunywa chungu kimoja na wewe anakwambia kitu, labda anakuogopa, labda anafikiri umeweka sumu, labda anajiona ameshakuwa mzungu. Babu alikuwa anakwenda kwenye vikao anakaa nje ya duara na kikombe cha chai, hakuna anaemuuliza maoni. Huo ndio ulikuwa wokovu wa wakati ule, ulikuwa na bei, na mimi naumia kuona umewekwa kwenye maneno matano.

Tuje kwenye sura ya nne, sura ya marufuku. Hii ndio sababu nilinunua kijitabu na hii ndio sababu nimekata nyota.

Wanaeleza vizuri kwa upande wa serikali. Mwaka 1973 Rais Idi Amin alifungia vikundi 12 vya dini. Mwaka 1977 tarehe 16 Februari akauawa Askofu Mkuu Janani Luwum wa Church of Uganda, na ikiwa askofu mkuu anaweza kuuawa basi mlokole wa kwenye laini ni nani. Tarehe 20 Septemba mwaka huo huo likaja tangazo la kufungia mashirika 27 ya dini kwa mpigo, zikabaki Katoliki, Church of Uganda, Othodoksi na Uislamu. Kanisa letu likafungwa, mlango ukapigwa misumari, na mabenchi yakachukuliwa. Halafu kijitabu kinasema, na nanukuu kama kilivyo, "waumini waliendelea kuomba kwa siri majumbani mpaka mwaka 1979". Ukurasa mmoja wote na nusu yake ni picha ya mlango.

Majumbani kwa nani? Nani aliendelea?

Nitawaambia kwa sababu nimekua nikisikia, nyanya yangu alikuwa mmoja wao na alinisimulia mpaka mwaka alioondoka. Ili uelewe kwa nini ilikuwa wanawake lazima ujue kitu kingine kilichotokea mwaka ule ule, kitu ambacho kijitabu hakijakiunganisha kabisa. Jumuiya ya Afrika Mashariki ilivunjika 1977. Reli iliyokuwa moja ikagawanywa, Kenya yake, Uganda yake, Tanzania yake. Wafanyakazi wa Kenya waliokuwa upande huu wakarudi kwao na familia zao, wengine walikuwa wameshaanza kuondoka tangu 1976 wakati Amin alianza kusema sehemu ya Kenya ni yake na mpaka ukawa wa moto. Sasa wazee wa kanisa letu walikuwa nani? Walikuwa watu wa reli. Mwalimu wa kwaya, mtu wa reli. Mwenye funguo, mtu wa reli. Kwa hiyo tangazo la Septemba lilikuta kanisa limeshabaki bila wanaume wake wengi, wale wa huku waliobaki wengine walikuwa wanajificha ama wamevuka kwenye magendo kutafuta sabuni na chumvi, maana dukani hakuna kitu. Waliobaki nyumbani ni wanawake, na kanisa likabaki mikononi mwao, hakuna kikao kilichoamua.

Walikuwa watano mwanzoni. Walikutana jikoni kwa nyanya kwa sababu jiko ni sehemu ambayo askari hana sababu ya kuingia na hata mwanaume wa nyumba haingii ovyo. Kinu kilikuwa mlangoni na mmoja anatwanga muda wote wa maombi, kwa zamu, kwa sababu sauti ya mchi inafunika sauti ya mtu anaeomba, na ukipita njiani unasikia wanawake wanatwanga karanga tu. Wakisikia pikipiki ama gari, anaetwanga anabadilisha mwendo, anapiga haraka haraka, hapo wote wananyamaza na kuanza kuchambua mboga. Mnajua Wapentekoste tunavyoomba, kwa sauti, kwa machozi, kunena kwa lugha. Nyanya alisema kitu kigumu kuliko njaa ya wakati ule ilikuwa kunena kwa lugha bila kutoa sauti, mtu anatikisika midomo imefungwa, jasho linamtoka, na mwenzake anamshika mabega.

Biblia ilikuwa moja, ile ya Kiswahili ya Union iliyotoka 1952, ya nyanya, ilikaa ndani ya kikapu chini ya wimbi. Mmoja tu kati yao alijua kusoma vizuri. Anasoma mistari michache, wengine wanarudia mpaka inakaa kichwani, wiki ijayo wanaanza kwa kuisema yote bila kitabu. Hivyo ndivyo nyanya alijua Zaburi ya 121 mwanzo mpaka mwisho na nyingine nyingi hali yeye hakuwahi kukaa darasani hata siku moja. Sadaka haikuwa hela, ilikuwa ngumi moja ya wimbi kwa kila mtu inawekwa kwenye chungu, chungu kikijaa kinapelekwa kwa mama ambae mume wake amechukuliwa na hajulikani aliko. Hawakuuliza huyo mama ni wa dini gani. Siku moja chifu wa gombolola alikuja mwenyewe mpaka uani, akasimama, akasema "mama, huku kwenu karanga ni nyingi kweli", nyanya akamjibu "baba, watoto ni wengi", chifu akaangalia ndani akaona wanawake na vinu na akaondoka. Nyanya aliamini mpaka kufa kwamba yule mzee alijua kila kitu.

Amin alipoanguka tarehe 11 Aprili 1979 na baadae jeshi la Tanzania likafika huku kwetu, wanawake wakatoka jikoni wakaenda kung'oa misumari wenyewe. Walikuwa wameshafika kumi na tisa. Walikuwa watano wakaja kuwa kumi na tisa, wakati wa marufuku! Kanisa lilikua wakati limefungwa, halafu historia ya kanisa inaandika "waumini waliendelea kuomba".

Naomba mnielewe, sisemi walioandika walikuwa na nia mbaya. Kamati ni ya wazee wanne ninaowaheshimu, wamekwenda mpaka Kampala kuchapisha, wametumia hela zao za mfukoni. Lakini waliandika kutoka kwenye mafaili ya ofisi na jikoni hakuna faili. Hakuna muhtasari wa kikao wala risiti ya wimbi. Wale mama wawili waliobaki hai, mmoja anakaa kilomita tatu kutoka kanisani, nilimuuliza, hakuna mtu wa kamati aliefika kwake.

Na kiungo kimoja zaidi kuhusu miaka ile, kuhusu Kiswahili tena, kijitabu kimekigusa kidogo na kimegusa pazuri. Mnajua Uganda watu wengi mpaka leo wakisikia Kiswahili moyo unaruka, kwao ni lugha ya askari, ya "leta kitambulisho", ya "lala chini". Amin ndie aliitangaza kuwa lugha ya taifa mwaka 1973 na hiyo haikuisaidia, ikabaki na harufu ya bunduki. Wanasimulia hapa kwamba Jumapili ya kwanza baada ya kufungua kanisa askari wawili wa Tanzania waliingia na bunduki zao, watu wakaganda, askari wakaziacha silaha kwa mwenzao nje wakakaa benchi la nyuma, na wimbo ulipoanza wakaimba sauti ya tatu bila kitabu. Kuna mama alisema siku ile ndio alisikia kwa mara ya kwanza mtu mwenye sare akitumia Kiswahili kumwomba Mungu. Sasa serikali imekubali mwaka 2022 Kiswahili kiwe lugha rasmi na kifundishwe mashuleni, wengi wanalalamika, mimi huwa nawaambia njooni kanisani kwetu ibada ya kwanza msikie hii lugha ikiwa haina kiatu cha jeshi.

Baada ya hapo kijitabu kinaingia kwenye paa, na paa limepewa kurasa saba. Saba! Majina ya waliotoa mabati, nani alitoa mangapi, geji 28 sio 30, nani alileta mbao, nani saruji, picha ya fundi juu ya ngazi. Naelewa, lilikuwa jambo kubwa, kiwanda cha saruji kiko hapo Tororo unakiona ukipita lakini miaka ile mfuko wa saruji ulikuwa unatafutwa kama dawa. Na waliotoa wanafurahi kuona majina yao, hiyo ni haki yao. Lakini weka huu ukurasa mmoja wa marufuku upande huu na kurasa saba za mabati upande ule halafu unifanyie mizani. Kama mabati yanastahili hesabu ya moja moja, zile ngumi za wimbi hazistahili?

Miaka ya 1990 wanaipitia haraka na mimi pia nitaipitia haraka, kwaya, makesha, kinanda cha kwanza cha umeme, vijana walivyotaka akogo, ile ala ya Wateso ya kupiga kwa vidole, iingie kanisani na wazee wakasema hicho ni chombo cha kwenye ajon, mwishowe ikaingia. Wametaja pia moto wa Kanungu wa Machi 2000, ule msiba mkubwa ambapo waumini wa kikundi kimoja cha dini waliungua ndani ya jengo lao, na jinsi baada yake kanisa lolote dogo lilianza kuangaliwa kwa jicho kali, viongozi wa kijiji wanakuja kuuliza cheti kiko wapi, mnaomba nini usiku. Ni vizuri wameandika, watoto waliozaliwa juzi hawajui kwa nini mchungaji huwa anaweka nakala ya cheti ukutani kwenye fremu.

Kitu ambacho hawakugusa kabisa ni kelele. Tulipopata spika kubwa majirani waliteseka, tuseme ukweli, kuna sheria ya kelele nchini tangu 2003 na sisi tuliivunja kila Ijumaa ya kesha mpaka asubuhi. Kuna jirani alikuwa na mtoto mchanga, alikuja mara tatu kwa upole, mara ya nne akalia. Ilichukua muda mrefu spika zigeuzwe ziangalie ndani. Hiyo pia ni historia yetu, na kwa mtu anaekumbuka kina mama waliojifunza kuomba bila sauti ili wapate kuomba, inauma zaidi.

Sura ya korona ndio sura nzuri kuliko zote na nataka niwapongeze kwa moyo wote, sijui aliiandika nani lakini huyo ndie angeandika kijitabu kizima. Machi 2020 nyumba zote za ibada zikafungwa. Aprili madereva wa malori wakaanza kupimwa hapa mpakani, kila siku idadi ya madereva wenye ugonjwa inasomwa kwenye redio, foleni ikarudi nyuma kilomita nyingi upande wa Kenya, watu wanalala chini ya trela siku tatu siku nne. Dereva akawa kama mkoma, hauziwi hata chapati, akishuka watu wanakimbia. Na hawa ndio watu wetu, ibada yetu ya kwanza ya Kiswahili saa moja asubuhi iliwekwa kwa ajili ya madereva, anaabudu saa moja saa tatu yuko kwenye foleni ya forodha. Kijitabu kinaeleza jinsi kina mama wa kanisa walivyopika posho, yaani ugali, na maharagwe, wanaweka sahani kwenye kreti pembeni mwa barabara, wanarudi nyuma hatua kadhaa, dereva anakuja anachukua, wanaombeana kwa mbali kwa kupunga mikono. Hapa majina ya kina mama yameandikwa yote, moja moja, na nilipoyasoma nililia kwa sababu wawili ni mabinti wa wale wa jikoni la nyanya. Mwandishi hakujua hilo ama hakusema, lakini mimi nilijua.

Halafu Septemba 2020 wakaruhusu kufungua kwa watu 70 tu na sisi tuko zaidi ya mia tatu. Wameeleza ule mpango wa kadi, rangi nne, kila rangi na wiki yake, na jinsi mzee mmoja alikuwa anampa kadi yake kijana wa jirani ambae alikuwa amekata tamaa ya maisha, yeye mwenyewe anakaa nje chini ya mti anasikiliza kupitia dirishani. Hii sura msomee mtoto wako.

Kwa hiyo nunua ama usinunue? Nunua. Kama umewahi kuabudu pale, kama baba yako alikuwa reli, kama wewe ni dereva umewahi kula ile posho, kama unasoma chuo na unatafuta kuandika kitu kuhusu dini mpakani, nunua. Kama ni mtu unaetaka kujua Wapentekoste wa Uganda wote kwa ujumla hiki hakitakutosha, ni cha kanisa moja dogo na hakijifanyi kuwa kingine.

Kwa kamati, wazee wangu, toleo la pili naomba mambo matatu tu. Punguzeni Los Angeles iwe kurasa mbili. Wekeni pini tatu ama mshone na uzi. Na kabla ya hayo yote chukueni boda, kilomita tatu tu, mkakae na yule mama mwenye umri mkubwa, masikio bado yanasikia na kumbukumbu ni nzima, tatizo lake ni miguu. Nendeni asubuhi, jioni anachoka. Mbebe sukari.

Mimi kwa upande wangu kuna kurasa mbili nyeupe mwisho wa kijitabu, nimeandika kwa kalamu majina kumi na tisa, kumi na saba nilikuwa nayajua kutoka kwa nyanya na mawili nimepewa na huyo mama. Ya dada yangu wa Soroti nimeiandika hivyo hivyo kabla ya kumtumia. Aliye na kijitabu na anataka majina aniambie tukikutana ibada ya kwanza, nakaa upande wa dirisha, namsomea anaandika.

Wapi kinapatikana: usiende ofisini, ofisi haifunguliwi mpaka ibada ya pili iishe. Muulize mama anaeuza chai nyuma ya kanisa, anazo kwenye boksi chini ya meza, amefunika na kitambaa ili zisipate mafuta ya mandazi. Lipa taslimu ama kwa simu, anakubali hela ya pande zote mbili.